Tezi ya Shingoni na Hesabu ya Uhai

Yako maswali ambayo binadamu huyauliza kwa sauti ndogo, na moja katika hayo ni hili: "Nimebakiwa na siku ngapi?" Swali hili haliulizwi barazani wala sokoni. Huulizwa katika chumba cha daktari, mlango ukiwa umefungwa; na mara nyingi anayeliuliza si mgonjwa mwenyewe, bali ni ndugu yake aliyemfuata daktari nje, kofia mkononi, ili mgonjwa asisikie. Leo twapenda kulichukua swali hilo na kulizungumza wazi mbele ya wasomaji wetu wote. Twafanya hivyo kwa sababu twaamini kwamba jawabu lake lawahusu watu wa vijijini kuliko wanavyodhani, na kwamba kutolijua kumewagharimu wengi uhai wao.

Tumchukue kwa mfano mzee mmoja, mkulima wa Mazingara, katika nchi ya Uzigua iliyoko upande wa Handeni na Korogwe. Hatumtaji jina kwa kuwa yeye si mtu mmoja, ni wengi. Mzee huyu amekwisha kuvuna mahindi yake, ameketi uani jioni, na mkono wake unapopita shingoni unakuta uvimbe mgumu, mdogo kama tunda la mkunazi. Hauumi. Na kwa kuwa hauumi, haujali. Mwezi wa kwanza anapakwa mafuta na mkewe. Mwezi wa pili jirani anamwambia ni mtoki tu, utakwisha wenyewe. Mwezi wa tatu anachanjwa chale juu ya uvimbe ule na kupakwa dawa nyeusi. Mwezi wa tano sauti yake inaanza kukauka, na tonge la ugali linapita kwa shida. Mwezi wa nane mwanawe anauza mbuzi wawili, wanapanda basi mpaka Korogwe, na kutoka huko wanaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa. Tunda la mkunazi sasa limekuwa kama limau, na pembeni yake yameota mengine.

"Mwanangu," mzee anamwambia daktari kijana anayemwamkia shikamoo, "nieleze kweli. Nimebakiwa na siku ngapi?"

Je, daktari yule aweza kujua? Sisi twajibu kwamba aweza kukadiria, lakini hawezi kujua. Na tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya.

TEZI HIZI NI NINI

Mwili wa binadamu una tezi ndogo mamia kadhaa, na nyingi katika hizo zimekaa shingoni, kuanzia chini ya taya mpaka juu ya mtulinga. Kazi yake ni kuchuja maji ya mwili yanayopita katika mishipa myembamba kabla hayajarudi katika damu. Zimewekwa kama vizuizi vya barabarani, pale ambapo kila gari hulazimika kusimama likaguliwe. Mtu akiwa na jino bovu, au mafindofindo, tezi za shingo huvimba kwa kuwa zinapigana na wadudu wa maradhi. Kwa hiyo si kila uvimbe wa shingoni ni kansa. Katika nchi yetu tezi za shingo huvimba mara nyingi kwa ajili ya kifua kikuu, ugonjwa unaopona, na ambao vipimo vyake na dawa zake hutolewa bure na Serikali. Mtu asiingiwe na hofu kabla ya kupimwa.

Lakini kansa nayo hupita njia hizohizo. Inapoanza katika koo, yaani nyuma ya ulimi, katika mafindofindo, katika kikoromeo kitoacho sauti, au kule juu nyuma ya pua, chembe zake hung'oka na kusafiri mpaka kizuizi cha kwanza, nazo hukamatwa hapo. Zikishindwa kuuawa, huota na kuzaa papo hapo. Basi tezi ile iliyovimba bila maumivu huwa ni barua iliyotumwa na ugonjwa ulio mahali pengine. Wagonjwa wengi wa namna hii hawakujua kabisa kwamba wana kitu kooni. Walichokiona wao kilikuwa ni uvimbe wa shingo tu.

Twaomba wasomaji wetu watenge pia mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Watu wengi husema "kansa ya koo" wakiwa na maana ya kansa ya umio, ile njia ya chakula iteremkayo kifuani, ambayo imeenea sana Afrika ya Mashariki. Hiyo ina tabia yake na hesabu yake. Leo twazungumza habari za koo lenyewe na tezi za shingo.

HESABU INAVYOPIGWA

Zamani kila daktari alikuwa na maneno yake. Mmoja alisema "imeendelea," mwingine "imeendelea sana," na hapana aliyejua kama wanasema jambo moja. Mfaransa mmoja, Daktari Pierre Denoix, kati ya mwaka 1943 na 1952, alitunga mpango wa kuupima ugonjwa kwa herufi tatu: T kwa ukubwa wa uvimbe wenyewe, N kwa tezi, na M kwa kuenea mahali pa mbali kama mapafuni au katika ini. Chama cha mataifa cha kupambana na kansa kilichapa kitabu cha kwanza cha mpango huo mwaka 1968, na tangu hapo kimekuwa kikisahihishwa kila baada ya miaka kadhaa.

Kwa upande wa herufi N, daktari huuliza maswali ambayo hata mtu asiyejua kusoma aweza kuyaelewa. Tezi zilizoshikwa ni ngapi? Kubwa kuliko zote ina upana gani: haijafika sentimita 3, imepita 3, au imepita 6? Ziko upande mmoja wa shingo, au pande zote mbili? Ziko juu karibu na taya, au zimeteremka mpaka karibu na mtulinga? Na la mwisho, ambalo huenda ni zito kuliko yote: je, kansa ingali imefungwa ndani ya ganda la tezi, au imelipasua ganda hilo na kushika nyama na mishipa ya kando? Katika toleo la nane la kitabu hicho, lililoanza kutumika mwaka 2017, kupasuka kwa ganda kulitiwa rasmi katika hesabu ya kansa nyingi za kichwa na shingo, kwa sababu ilikwisha kuonekana dhahiri kwamba alama hiyo hubadilisha mwisho wa ugonjwa.

Imekuwa kanuni miongoni mwa madaktari tangu siku nyingi kwamba kansa ya koo ikishafika katika tezi za shingo, tumaini la kupona hupungua kiasi cha nusu. Tezi moja ni bora kuliko tatu. Tatu ni bora kuliko saba. Za juu ni bora kuliko za chini. Iliyo nzima ni bora kuliko iliyopasuka. Hapa hamna ramli. Hesabu hii imetokana na kuwafuata maelfu ya wagonjwa, mwaka baada ya mwaka, na kuandika nani yu hai na nani amefariki.

Hata hivyo si tezi peke yake zinazosema. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Daktari K. Kian Ang wa Houston, walitoa habari za wagonjwa wenye kansa ya sehemu ya kati ya koo, yaani nyuma ya ulimi na mafindofindo. Waliona kwamba wale ambao kansa yao ilitokana na kirusi cha papiloma, kirusi kilekile kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi kwa wanawake, waliishi zaidi kuliko wengine. Baada ya miaka 3, kati ya kila 100 wenye kirusi hicho walikuwa hai kiasi cha 82. Kati ya kila 100 wasio nacho walikuwa hai 57. Kisha wakachanganya mambo manne: kirusi, sigara ambazo mgonjwa amevuta maishani mwake, ukubwa wa uvimbe, na hali ya tezi. Wakapata mafungu matatu. Katika fungu la kwanza walibaki hai 93 katika 100. La pili 71. Na la tatu 46. Mstari waliouweka kwa sigara ulikuwa ni pakiti moja kwa siku kwa muda wa miaka kumi. Mvutaji wa tumbaku na azingatie jambo hilo: si kwamba tumbaku humletea mtu kansa tu, bali humfuata mpaka kitandani na kupunguza faida ya dawa.

Twaongeza neno moja la tahadhari. Hesabu hizo ni za hospitali za Marekani, ambako mgonjwa hupata mionzi na dawa kwa wakati wake bila kukosa siku. Haziwezi kuchukuliwa nzimanzima na kumwagwa Mazingara kama gunia la mahindi. Zatuonyesha njia ya kufikiri. Hazituambii idadi yetu.

MFALME ALIYEKOSEWA HESABU

Wako watu wanaodhani kwamba kuchelewa ni ugonjwa wa maskini peke yao. Tuwakumbushe habari za Friedrich wa Tatu, mfalme wa Wadachi. Mwanzoni mwa mwaka 1887, akiwa bado mrithi wa kiti, sauti yake ilikauka. Madaktari wake wa Ujerumani waliona kiota kidogo katika kikoromeo, wakashuku kansa, wakataka kumpasua mwezi wa Mei. Kwanza akaitwa bingwa kutoka London, Morell Mackenzie, ambaye alikata vipande vidogo vya nyama na kuvipeleka kwa Rudolf Virchow, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote duniani katika kazi ya kupima nyama kwa hadubini. Virchow hakuona kansa katika vipande alivyopewa. Upasuaji ukaahirishwa. Miezi ikapita, madaktari wakibishana magazetini, na ugonjwa ukiendelea na safari yake. Friedrich alipokalia kiti mwezi wa Machi 1888 alikuwa hawezi tena kusema. Alikuwa akiandika maneno yake katika vikaratasi. Alitawala siku 99, akafariki tarehe 15 Juni.

Mwaka huohuo watu wa Pangani, mji ulioko mahali ambapo mto upitao Korogwe huingia baharini, waliinuka pamoja na Abushiri kuipinga kampuni ya Wadachi iliyokuja kuitwaa pwani. Nao hawakujua, wala hawakuwa na haja ya kujua, kwamba mfalme wa taifa lile alikuwa ameuawa na kidonda cha kooni. Lakini sisi leo twaweza kujifunza kitu. Kipande kimoja cha nyama kisichoonyesha kansa hakitoshi kuifunga habari, ikiwa dalili zaendelea. Na enzi yote ya mfalme haikuweza kuinunua tena ile miezi iliyopotea.

DAMU ILIYOTOKA NAIROBI

Yafaa wasomaji wetu wajue pia kwamba katika elimu hii Afrika ya Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Katika miaka ya 1960 alikuwako Nairobi daktari mpasuaji wa koo, pua na masikio aitwaye Peter Clifford, katika hospitali kubwa ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Aliwaona wagonjwa wengi wenye kansa ya nyuma ya pua, wengi wao wakiwa wamefika kwa ajili ya uvimbe wa shingo. Akaanza kuandika habari zao kwa uangalifu: wanatoka wapi, wanaishi katika nyumba za namna gani, tezi zao zina hali gani.

Miaka michache kabla ya hapo, vipande vya uvimbe wa taya za watoto vilivyotoka Kampala, ambako Daktari Denis Burkitt alikuwa akifanya kazi, vilikuwa vimepelekwa London kwa ndege. Humo, mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi kipya, ambacho leo chaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Mwaka 1966 wataalamu wa New York, pamoja na Clifford, walitangaza kwamba damu ya wagonjwa wenye kansa ya nyuma ya pua nayo ilikuwa na alama za kukijua kirusi hicho. Ndivyo damu ya wakulima na wafugaji wa Afrika ya Mashariki ilivyofungua mlango ambao hapana aliyekuwa ameuona.

Na mlango huo umefika hapa tunapozungumza. Mwaka 2004 madaktari wa Taiwan walionyesha kwamba kwa kupima kiasi cha kirusi hicho katika damu ya mgonjwa wa kansa ya nyuma ya pua, kabla na baada ya mionzi, waliweza kubashiri ni nani ambaye ugonjwa utamrudia. Wale ambao kirusi kilitoweka kabisa katika damu yao baada ya matibabu walikuwa na tumaini kubwa zaidi kuliko wale ambao kilibaki. Basi mtu akiambiwa kwamba vipimo hivi ni mambo ya Wazungu au ya watu wa mashariki ya mbali, na ajibu kwamba mizizi yake iko Kampala na Nairobi.

WASTANI SI HUKUMU

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Mazingara na swali lake. Tuseme daktari ameangalia, amepima, ameona tezi nne upande mmoja, kubwa yao ina sentimita 4. Katika kitabu chake ameona kwamba katika watu 100 wenye hali hiyo, kiasi fulani huishi miaka mitano. Je, amwambie mzee kwamba atakufa mwezi fulani?

La, hasha. Hesabu ya watu 100 haimtaji hata mmoja wao kwa jina. Alikuwako Marekani mtaalamu wa elimu ya viumbe, Stephen Jay Gould, ambaye mwaka 1982 aliambiwa ana kansa nyingine, ya ngozi ya tumbo la ndani, na akasoma katika vitabu kwamba nusu ya wagonjwa wake hufa katika muda wa miezi minane. Wengine wangaliandika wosia. Yeye, kwa kuwa alijua hesabu, aliuliza: na ile nusu nyingine? Akaona kwamba baadhi yao huishi miaka mingi, na kwamba yeye, kwa umri wake, kwa mapema ya kugunduliwa kwake na kwa matibabu aliyopata, alikuwa na sababu ya kujiweka miongoni mwao. Aliishi miaka 20 zaidi.

Hatusemi kwamba kila mgonjwa atakuwa kama Gould. Twasema tu kwamba wastani ni habari ya jamii, na wala si hukumu ya mtu. Tena, alama mbaya zenyewe huwa ni maagizo ya kazi. Mwaka 2004 madaktari wa Ulaya walitoa habari za wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo waliopasuliwa wakaonekana kuwa na hali ya hatari, kama kupasuka kwa ganda la tezi. Waliopewa mionzi peke yake walikuwa hai 40 katika 100 baada ya miaka 5. Waliopewa mionzi pamoja na dawa ya sisiplatini walikuwa hai 53. Alama ileile iliyokuwa ikiwafanya madaktari watikise kichwa ikageuka kuwa sababu ya kuongeza dawa.

Kwa hiyo daktari mwenye hekima hubashiri, si ili amfukuze mgonjwa akafie kwao, bali ili achague: huyu apasuliwe, huyu apewe mionzi, huyu apewe vyote viwili, na huyu, ambaye mwili wake umechoka mno, aondolewe maumivu na kuachwa apumzike. Hesabu ya uhai ni ramani ya msafiri. Yaonyesha milima na mito; haisemi nani atafika na nani atakwama.

HESABU ILIYO MIKONONI MWETU

Katika mambo yote yanayohesabiwa, liko moja ambalo halimo katika hadubini wala katika kitabu cha herufi tatu. Ni idadi ya siku zilizopita tangu uvimbe ulipoonekana mpaka mgonjwa alipofika hospitali. Hesabu hii yapigwa nyumbani. Yapigwa uani, shambani, na chini ya mwembe wa kijiji.

Madaktari wa hospitali ya Tata huko Mumbai, nchini India, walitufunza jambo hili kwa njia isiyo na shaka. Waliwachukua wagonjwa wa kansa ya kinywa ambao tezi zao zilikuwa bado hazijavimba, wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja walitolewa tezi za shingo mara moja, pamoja na kidonda cha kinywa. Fungu la pili waliangaliwa, wakangojewa mpaka tezi zionekane ndipo wapasuliwe. Habari zilipotolewa mwaka 2015, kutokana na wagonjwa 500, waliopasuliwa mapema walikuwa hai 80 katika 100 baada ya miaka 3, na waliongojewa walikuwa hai 67 na nusu. Nao waliongojewa hawakuwa wamesahauliwa. Walikuwa wakiangaliwa na mabingwa. Ikiwa kungoja chini ya macho ya mabingwa kwaweza kupunguza watu 12 katika kila 100, kungoja chini ya chale na mafuta kwapunguza wangapi?

Twajua vema shida za ndugu zetu wa Mazingara. Hospitali zilizo karibu nao, za Handeni na ile ya Magunga huko Korogwe, zaweza kuanza uchunguzi. Bombo iko Tanga mjini. Lakini mashine za mionzi ziko mbali. Kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pengine nchini pa kupata mionzi ila Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo yaliyoanza kujengwa na Wadachi mwishoni mwa karne ya 19, ambayo mwaka 1996 yalifanywa kuwa taasisi ya kansa inayojitegemea. Baadaye Bugando, huko Mwanza, ikapata huduma hiyo. Kwa mtu wa Mazingara safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 200, na mionzi haitolewi siku moja. Huchukua majuma sita au saba, siku tano kwa juma. Nauli, chakula, mahali pa kulala, na shamba lililoachwa bila mtu: yote hayo ni gharama hata kama dawa yenyewe ingalikuwa bure. Hatuwezi kumlaumu mtu maskini kwa kusitasita.

Lakini ndiyo maana twasisitiza kuwahi. Uvimbe uliowahiwa waweza kumalizwa kwa mkono mmoja wa matibabu, ama kisu, ama mionzi. Uliocheleweshwa wahitaji vyote, kwa gharama zaidi, kwa mateso zaidi, na kwa tumaini dogo zaidi. Anayeogopa nauli ya kwenda mara moja leo ajue kwamba atalipa nauli nyingi kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi twapenda kutoa shauri ambalo kila mwalimu wa shule, kila mwenyekiti wa kitongoji, kila shehe na kila mchungaji aweza kulitangaza bila kuwa daktari. Mtu mzima akiona uvimbe shingoni usiopungua kwa muda wa majuma matatu, hata kama hauumi, na hasa kama hauumi, aende zahanati. Akikaukiwa sauti majuma matatu bila mafua, aende. Akiwa na kidonda cha kinywa kisichopona, au maumivu ya kumeza, au sikio moja liumalo bila sababu, au damu itokayo puani kila mara, aende. Uvimbe usikatwe wala usichanjwe, maana chale juu ya tezi yenye kansa huharibu njia ambayo daktari angaliitumia, na huweza kuutawanya ugonjwa. Na mganga wa jadi aliye mwaminifu, tunaowajua wako, na awe wa kwanza kumwambia mtu wake: "Hili si la kwangu, nenda hospitali."

Kwa watumishi wa zahanati nao tuna neno. Mgonjwa aliyepewa vidonge kwa ajili ya tezi, akarudi baada ya majuma mawili tezi ikiwa vilevile, asipewe vidonge vingine vya namna ileile. Aandikiwe barua. Siku zinazopotea baina ya zahanati na hospitali zinauma sawasawa na zile zilizopotea nyumbani.

Na kwa vijana wetu: tumbaku, ugoro na pombe kali ndizo chimbuko kubwa la kansa za koo na kinywa, na vikikutana tumbaku na pombe, hatari huzidi sana kuliko kila kimoja peke yake. Ama kwa kirusi cha papiloma, chanjo yake ilianza kutolewa nchini Tanzania nzima kwa wasichana mwaka 2018 kwa ajili ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Wazazi wasiwafiche binti zao siku ya chanjo.

KWELI NA FARAJA

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu. Katika nyumba nyingi ndugu humwomba daktari asimwambie mgonjwa kweli. Wanafanya hivyo kwa upendo, hatuwashutumu. Lakini mzee mwenye mashamba, deni, watoto na wajukuu ana haki ya kujua ili atengeneze mambo yake, aombe radhi kwa aliyemkosea, na aamue mwenyewe kama atasafiri au atabaki. Kumficha ni kumchukulia uzee wake. Aambiwe, lakini aambiwe kidogo kidogo, kwa kadiri anavyouliza, na asiambiwe tarehe ambayo hapana mtu aijuaye.

Wala neno "hatuna la kufanya" lisitamkwe kabisa. Daktari Anne Merriman alipoanza kazi yake Kampala mwaka 1993, alionyesha kwamba mofini ya maji, inayonywewa nyumbani kwa kipimo, yaweza kumwondolea mgonjwa wa kansa maumivu kwa gharama ndogo. Huduma ya namna hiyo ilifika hata Muheza, katika mkoa huuhuu wa Tanga. Hata pale hesabu inapokataa kuongeza siku, bado twaweza kuzifanya siku zilizobaki ziwe za usingizi, mazungumzo na sala, wala zisiwe za kulia usiku kucha.

Daktari kijana, basi, amjibu nini mzee wa Mazingara? Sisi twadhani amjibu hivi: "Mzee wangu, siku zako sizijui. Najua kwamba ugonjwa umefika katika tezi nne, upande mmoja, na hilo ni zito. Najua kwamba haujafika mapafuni, na hilo ni jema. Wako wenzako waliokuwa na hali kama yako wakapona, na wako ambao hawakupona. Nataka tuanze kesho."

Na mzee atakaporudi kwao, akiwa na sauti au bila sauti, kazi yake moja itakuwa ni kumshika mkono jirani yake mwenye uvimbe mdogo kama tunda la mkunazi, na kumwonyesha njia ya zahanati ingali asubuhi.